Nimefunga akaunti zangu zote za beti za simu. Hapa Nairobi, mtu anaweka wapi beti kwa mkono, kwa pesa taslimu, apewe karatasi?

Fundi_wa_Makadara (Jumanne, saa 3:40 usiku)

Wadau, salamu kwenu. Nina swali ambalo wengine wataliona dogo, lakini kwangu ni zito, kwa hivyo niruhusuni nilieleze lote.

Mimi ni fundi wa mabomba, naishi Makadara. Nimebeti kwa simu tangu 2016, wakati ule ambapo ukipanda matatu yoyote redio ilikuwa inatangaza jekpoti. Nilianza na shilingi 50 za Jumamosi. Kufikia mwaka jana nilikuwa naamka saa nane za usiku kwenda msalani, nachukua simu, naweka mia mbili kwa timu za nchi ambayo siwezi kuionyesha kwenye ramani. Salio likiisha, simu yenyewe inanikopesha. Novemba nilikosa kodi ya nyumba, na mwezi huo nilikuwa nimefanya kazi siku ishirini na tatu. Mke wangu hakupiga kelele. Alikaa kitandani akaniuliza, "Baba Shiru, hizo pesa zilienda lini?" Nilishindwa kumjibu kwa sababu kweli sikujua zilienda lini. Hazikuwahi kupita mkononi mwangu.

Nimefunga akaunti zote tatu. Lakini mpira naupenda tangu marehemu baba alipokuwa akinibeba mabegani kwenda City Stadium kutazama timu ya Gor Mahia, na sitawadanganya kwamba hamu ya kubashiri imekwisha. Tumekubaliana na mama watoto hivi: mia mbili kwa wiki, pesa taslimu, Jumamosi, niende kwa miguu yangu, na karatasi niilete nyumbani aione. Zikiisha zimeisha hadi wiki ijayo.

Sasa sijui pa kwenda. Sijawahi kuingia duka la beti. Nitajuaje kwamba hili ni la halali na lile si la halali? Nikishinda nalipwa hapo hapo? Baba alikuwa akitaja pia farasi wa Ngong Road. Bado wapo? Mwenye kujua anisaidie.

Kasarani_Mwisho

Ndugu, maduka yamejaa mjini. Panda Tom Mboya kutoka Fire Station ukiangalia juu, usiangalie chini. Vibao utaviona.

Mama_wa_Pipeline

Ndugu yangu Fundi, nimesoma neno kwa neno, na nasema kwa upendo: acha kabisa. Kaka yangu alikuwa na mpango kama wako. Alisema mia moja kwa wiki. Duka lilikuwa hatua hamsini kutoka lango la ploti yetu hapa Pipeline. Baada ya miezi miwili akawa anashinda huko mchana kutwa, mimi nalisha watoto wake. Nyumba ya beti haikosi kiti cha mtu mpweke.

Nakuombea. Lakini kama lazima uende, basi duka lisiwe mtaani kwako.

Fundi_wa_Makadara

Dada, asante. Sikukasirika hata kidogo, na hilo la duka kuwa mbali nalichukua. Nikiona nimeanza kuteleza nitakuja hapa niseme.

Keshia_wa_Zamani (Jumatano, saa 1:15 asubuhi)

Fundi, mimi nilikaa nyuma ya dirisha la duka la beti miaka mitatu na nusu hadi 2019. Kampuni sitaitaja. Nitakuambia ninayoyajua, na nitaandika marefu kwa sababu kuna watu niliowaona wakipoteza haki yao kwa kutojua vitu vidogo sana.

Kwanza, mahali. Katikati ya jiji maduka mengi yako orofa ya kwanza, juu ya duka la simu au la viatu, na unapanda kwa ngazi nyembamba. Tafuta Tom Mboya, Ronald Ngala, Moi Avenue upande wa kushuka, River Road na Latema. Mitaani yanakaa karibu na steji: Kayole, Umoja, Githurai, Kawangware, Kangemi. Usikariri jina la jengo, maana maduka haya yanahama na kufungwa kila mara. Jifunze kusoma duka lenyewe.

Ukiingia, kabla ya kutazama skrini, tazama ukuta karibu na dirisha la keshia. Leseni inatakiwa kuwa hapo, yenye jina la kampuni na mwaka unaoendelea. Soma mwaka. Kwa miaka mingi leseni hizo zilitoka kwa BCLB, bodi ya serikali ya kusimamia kamari, chini ya sheria ya 1966. Agosti 2025 rais alitia sahihi sheria mpya ya kamari inayounda mamlaka mpya badala ya bodi hiyo, kwa hivyo usishangae ukiona jina jingine juu ya karatasi. Ukiuliza leseni iko wapi na keshia akakuambia iko kwa meneja, shuka ngazi.

Jambo la pili la kutazama ni watoto. Sheria inamtaka mtu awe na miaka 18. Duka linaloruhusu kijana mwenye sare ya shule kukaa kwenye benchi halitashindwa kukudhulumu wewe. Mimi nililiona hili kwa macho yangu na naliamini kuliko leseni.

Sasa karatasi. Mechi zinachapishwa kwenye orodha, nyingine inabandikwa ukutani, nyingine unapewa mkononi. Kila mechi ina namba yake. Unaandika namba ya mechi, chaguo lako (1 ni mwenyeji, X ni sare, 2 ni mgeni, na kuna GG kwa timu zote kufunga), halafu dau. Unapeleka dirishani pamoja na pesa, keshia anapiga, slipu inatoka.

Hapo usiondoke. Simama, soma slipu mstari kwa mstari: mechi, chaguo, odi (namba inayozidishwa na dau ukishinda), dau, tarehe. Watu walio nyuma yako kwenye foleni watalalamika. Waache walalamike. Jumamosi moja, saa moja kabla ya mechi za Uingereza kuanza, foleni ilikuwa imefika kwenye ngazi, na mimi nilipiga 2 mahali mzee mmoja alipoandika 1. Hakusoma. Jumapili alikuja akitabasamu, timu yake imeshinda nyumbani, na mashine ikasema slipu imeshindwa. Nilimwonyesha meneja karatasi aliyoiandika kwa mkono. Meneja akasema kampuni inalipa kilichochapishwa. Yule mzee alikuwa mlinzi wa usiku, na dau lake lilikuwa mia tano. Hadi leo nikipita jengo lile namkumbuka. Kosa likionekana papo hapo, kabla mechi haijaanza, keshia anaweza kuita meneja wakaifuta. Ukishashuka ngazi, mambo ni mengine.

Karatasi ile haina wino. Joto ndilo linaloiandika, na joto hilo hilo linaiharibu. Ukiiacha kwenye dashibodi ya gari au mfuko wa nyuma wa suruali ukifanya kazi ya jua, inageuka kivuli. Mteja mmoja aliipeleka kufunikwa kwa plastiki ya moto ili idumu. Ilirudi nyeusi yote. Ikunje mara moja, iweke ndani ya kitabu nyumbani, na uipige picha siku hiyo hiyo. Lakini picha ibaki kwako. Usiirushe kwenye status ya WhatsApp, kwa sababu slipu haina jina lako. Anayeileta ndiye anayelipwa, na ile namba yake ndiyo mali yenyewe.

Kuhusu kulipwa: kiasi kidogo unapewa dirishani, pesa taslimu. Kiasi kikubwa hakitoki kwenye droo. Utaombwa kitambulisho na utapewa kwa benki au M-Pesa. Slipu ina tarehe ya kuisha, iko nyuma au chini kabisa kwa herufi ndogo, kwa hivyo ukishinda nenda mapema. Nasema hivi kwa uchungu. Julai 2019 makampuni 27 yalijikuta bila leseni. Mengine yalirudi, mengine yakafunga, na sisi tukapewa barua za kuachishwa. Asubuhi ya mwisho nilienda kuchukua sweta yangu nikamkuta mama mmoja amesimama mbele ya mlango uliofungwa kwa kufuli, slipu mkononi, anasubiri tufungue. Ilikuwa imeshinda siku tisa kabla. Alidhani pesa iko salama pale kama benki.

Mechi inahesabiwa kwa dakika 90 na zile za kuongezwa na refa. Muda wa ziada wa fainali hauhesabiwi, labda slipu iseme hivyo. Mechi ikiahirishwa, mara nyingi odi yake inakuwa 1.00 na mkeka, yaani beti ya mechi kadhaa kwa pamoja, unaendelea bila hiyo. Sheria za nyumba zimebandikwa ukutani. Ziulize, ni haki yako.

Na hili ndilo la maana kuliko yote niliyoandika. Ndani ya maduka mengi kuna skrini za mechi za kompyuta, mbwa wa kompyuta, namba za bahati. Mechi moja inaisha kwa dakika chache, nyingine inaanza. Watu waliokuja na beti ya Jumamosi walikuwa wanakaa dakika kumi wanaenda zao. Waliobaki hadi tunazima taa, waliotuomba tuwakopeshe nauli ya kurudi Dandora, ni wa skrini zile. Wewe unakimbia simu kwa sababu pesa inaenda bila kuiona. Skrini zile ni simu iliyotundikwa ukutani. Ukiona duka benchi zake zimegeukia skrini za kompyuta, weka beti yako ya mpira na utoke. Bora zaidi, tafuta duka lisilo nazo.

Fundi_wa_Makadara

Dada, nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikamsomea mama watoto. Anasema nikushukuru kwa niaba yake. Swali moja: ushuru unakatwaje? Kwa simu nilikuwa naona makato tu sikuyaelewa.

Keshia_wa_Zamani

Yamebadilika mara nyingi mno, ndiyo maana watu wamechanganyikiwa. 2019 waliweka 20% juu ya dau, 2020 wakaiondoa, 2021 ikarudi kwa 7.5%, 2023 ikawa 12.5%, Desemba 2024 ikapanda hadi 15%. Ushindi nao ulikuwa unakatwa 20%. Tangu Julai 2025, mwenye akaunti anakatwa 5% anapoweka pesa na 5% anapotoa. Dukani tazama mstari wa ushuru kwenye slipu. Kama umekatwa, lazima uandikwe. Kama keshia anakuambia kuna makato ambayo hayapo kwenye karatasi, hayo ni yake.

Boda_wa_Donholm

Hapa kwetu kuna jamaa wa base ya bodaboda anachukua beti kwa daftari. Unampa mia, anaandika jina lako, odi ni zile zile, na ukishinda anakulipa usiku huo huo. Hakuna foleni wala ushuru. Mbona asimjaribu huyo?

Keshia_wa_Zamani

Hapana, kaka. Huyo hana leseni, na huna karatasi. Siku watu wanne wakishinda pamoja hatapatikana kwenye base, na hutakuwa na pa kushtaki kwa sababu hata beti yenyewe haikuwa halali. Pia kaa mbali na wale vijana wanaosimama chini ya ngazi za maduka mjini wakikuuzia "slipu iliyoshinda" kwa nusu bei eti wamesahau kitambulisho. Nilizipokea nyingi dirishani. Nyingine zilikuwa zimelipwa kitambo, nyingine zimechezewa namba. Kila mara aliyenunua ndiye aliyelia.

Mwalimu_wa_Hesabu

Naomba niongeze hesabu kidogo, kwa sababu Fundi amesema mia mbili kwa wiki na ningependa zimkae muda mrefu.

Chukua mechi yoyote kwenye orodha. Tuseme mwenyeji ana 2.10, sare 3.20, mgeni 3.40. Gawa 1 kwa kila odi: unapata 0.476, 0.313 na 0.294. Jumlisha: 1.083. Kama duka lisingekuwa na faida, jumla ingekuwa 1 kamili. Ile ziada ndiyo mshahara wa keshia, kodi ya orofa na faida ya mwenye kampuni. Maana yake, kwa wastani, ukiweka 100 kwa mechi moja kama hiyo, zinazorudi ni kama 92.

Sasa fanya mkeka. Faida ya duka haijumlishwi, inazidishwa. Mechi tatu za namna hiyo, zinazorudi kwa wastani ni kama 79. Mechi tano, 67. Mechi kumi, 45. Ndiyo sababu wanakuongezea bonasi ukiweka mechi nyingi, na ndiyo sababu ukutani wanabandika slipu za mtu aliyeshinda mkeka wa mechi kumi na tano. Naifundisha hii darasa la kidato cha tatu na wanafunzi wanashtuka, kwa sababu karibu kila mmoja ana mjomba mwenye mkeka wa kumi na tano.

Fundi, mechi moja. Mbili zikizidi sana.

Kasarani_Mwisho

Mwalimu, lakini jekpoti watu wameshinda. 2017 mtu alichukua shilingi milioni 221. Mwaka uliofuata mwingine akachukua 208. Tuliona.

Mwalimu_wa_Hesabu

Tuliona, ndiyo, na nafurahi kwa ajili yao. Lakini jekpoti hizo zilikuwa za mechi 17. Kubashiri mechi 17 kila moja ikiwa na majibu matatu kuna njia 3 zidisha 3 mara kumi na saba. Hiyo ni zaidi ya milioni 129. Hata ukiwa hodari wa mpira, hata ukikatia robo tatu ya njia hizo, bado hutazimaliza kwa mia mbili za wiki.

Mzee_wa_Uzio (Alhamisi, saa 4:05 asubuhi)

Kijana wangu Fundi, umeuliza farasi na hakuna aliyekujibu, kwa hivyo nimeingia mimi.

Wapo. Uwanja uko Ngong Road, chini ya Jockey Club of Kenya, na farasi wamekimbia pale tangu 1954. Kabla ya hapo mbio zilikuwa upande ule wa mashariki wa mji, kuelekea Eastleigh. Nilianza kwenda mwaka 1979 nikiwa karani, nikashikwa na mahali penyewe kuliko pesa. Panda matatu ya 111, mwambie kondakta akuteremshe Racecourse ya Ngong Road. Usiseme Racecourse peke yake, maana utapelekwa kule karibu na Gikomba, ambako kumebaki jina tu la uwanja wa zamani.

Mbio ni Jumapili, mchana, lakini si kila Jumapili. Uliza kalenda kabla hujalipa nauli.

Kwa mtu anayetaka kuweka beti kwa mkono, sijui mahali pazuri zaidi ya pale, na nitakuambia kwa nini. Kuna njia mbili. Ya kwanza ni dirisha la Tote. Hapo wote tunaweka pesa kwenye kapu moja, wenye uwanja wanatoa sehemu yao, na kilichobaki wanagawana waliopatia. Odi haijulikani hadi mbio zianze, kwa sababu inategemea wenzako wameweka wapi. Unaweza kubeti farasi ashinde, au aingie tu kwenye nafasi za mbele. Hiyo ya pili inalipa kidogo lakini inakuacha na kitu mfukoni. Njia ya pili ni bukimeka, yule anayesimama na ubao wake na odi zake mwenyewe. Ukikubali 4 kwa 1, yaani faida mara nne ya dau, ndiyo hiyo hiyo hata ikibadilika baadaye. Anakupa tiketi. Isome, kama dada Keshia alivyosema.

Lakini sababu yangu kubwa ni muda. Mbio zenyewe hazizidi dakika mbili na ushei. Halafu unasubiri nusu saa nzima kabla ya mbio nyingine. Katika nusu saa hiyo unafanya nini? Unatembea hadi pale farasi wanapozungushwa kabla ya kukimbia. Unamtazama anavyotembea, kama anatokwa na jasho kabla ya wakati, kama masikio yamesimama, kama anamvuta aliyemshika kamba. Unasoma kitabu cha programu: uzito aliobebeshwa, alimaliza wa ngapi mara ya mwisho, nani anampanda. Watoto wanakimbia nyasini. Unakunywa chai. Mara nyingine nimefika pale, nikatazama farasi wa mbio tano, na kubeti mara moja tu, kwa sababu kwa zile nne sikuona farasi niliyemwamini. Hakuna aliyenisukuma. Sijui kama simu iliwahi kukupa nusu saa ya kufikiri.

Marehemu mke wangu alikuwa akija nami. Yeye hakubeti. Alikuwa akichagua farasi kwa rangi za fulana ya mpandaji, na alipatia mara nyingi kuliko mimi, jambo lililonifundisha unyenyekevu ambao vitabu vya programu havikunipa.

Mama watoto wako mlete. Karatasi ataiona ikiandikwa.

Mama_wa_Pipeline

Mzee wetu, hilo la kumleta mke ndilo limenigusa. Kaka yangu hakuwahi kumleta mtu. Hakuna mtu aliyewahi kumwona akiweka hata beti moja.

Fundi_wa_Makadara

Mzee, Mungu akubariki. Baba yangu alikuwa akisema "kule kwa nyasi." Sasa nimeelewa alikuwa akizungumzia wapi. Nilidhani ni klabu ya matajiri tu.

Mzee_wa_Uzio

Jukwaa la wanachama lina wenyewe, ni kweli. Lakini pembeni mwa uzio tunakaa watu wa kila namna. Vaa viatu safi inatosha.

Mtoa_Ushauri_Kibra

Fundi, jambo la usalama ambalo halijaguswa. Kama unaenda maduka ya mjini, nenda asubuhi, usingoje ile saa ya mwisho kabla ya mechi. Tom Mboya na River Road jioni ya Jumamosi, mtu anayeshuka ngazi za duka la beti akiwa amefurahi anaonekana mbali. Ukilipwa pesa, usitembee nazo. Ingia kwa wakala wa M-Pesa aliye karibu, weka kwenye simu yako, kisha tuma kwa simu ya mama watoto. Kuweka hakutozwi chochote.

Keshia_wa_Zamani

Hiyo ya simu ya mama watoto ni bora kuliko yote niliyoandika kuhusu malipo.

Fundi_wa_Makadara (Jumapili, saa 2:20 usiku)

Nimerudi kuwaeleza, kwa sababu niliahidi.

Jana nilitoka nyumbani saa tatu asubuhi. Kutoka Makadara hadi mjini nilitembea, kupitia Jogoo Road, karibu saa nzima. Mfukoni nilikuwa na mia mbili na simu isiyo na salio. Duka la kwanza Ronald Ngala nilipanda ngazi nikakuta vijana kumi hivi mbele ya skrini za mbwa wa kompyuta, na leseni sikuiona. Nikauliza. Mlinzi akaniuliza mimi ni wa kutoka ofisi gani. Nikashuka.

La pili liko juu ya duka la vitambaa karibu na Latema. Leseni iko kwenye fremu, mwaka ni sawa. Kuna skrini moja ya kompyuta kwenye kona na hakuna aliyekuwa akiitazama. Nilichukua orodha, nikakaa. Nataka kusema ukweli kuhusu hapa: mikono ilinitetemeka. Kwenye simu mia mbili ni namba. Nilipozitoa mfukoni zilikuwa noti mbili za mia, moja ina doa la gundi ya mabomba, na nilikumbuka mteja wa Buruburu aliyenilipa nayo na sinki niliyomtengenezea. Nilikaa nayo mkononi muda mrefu.

Niliweka mia moja tu. Mechi mbili, moja ya hapa nyumbani, moja ya Uingereza, 1.60 na 1.85. Keshia alipochapisha nilisimama nikasoma kila mstari, na kweli jamaa aliye nyuma alipiga mluzi. Odi ya jumla 2.96. Mia nyingine nilinunulia nyanya na sukuma pale Muthurwa nikirudi.

Mama watoto aliikunja mara moja akaiweka ndani ya kitabu cha nyimbo. Jioni tulisikiliza mechi ya hapa kwa redio, wote wawili, na timu yetu ikashinda. Ile ya Uingereza ikaisha sare. Nilihuzunika, nisiwafiche. Lakini leo aliniuliza tena swali lile la Novemba, safari hii akitabasamu, "Zilienda lini?" Nikamjibu: jana, saa nne na dakika ishirini, dirisha la pili.

Mzee wa Uzio, tungependa kuja Ngong Road na mama watoto na Shiru, mbio zitakapokuwepo. Tutakupataje?

Mzee_wa_Uzio

Nitakuandikia hapa Alhamisi nikishapata kalenda. Mkifika, msiende kwanza madirishani. Njooni pale farasi wanapozungushwa, upande wenye kivuli. Nina kofia ya kijani iliyochakaa na kiti cha kukunja. Shiru mwambie aanze kuchagua rangi.